Bendi Iliyopoteza Ufalme

Niliinuka nikazima televisheni ya watu. Banda zima la video pale Mwanga, Jumapili mchana, likanigeukia. Binti yangu wa miaka sita alikuwa ameniuliza mara ya tatu, "Mama, mfalme yuko wapi?" Mfalme niliyemsimulia hayupo. Ndipo akasema kwa sauti watu wote wasikie: "Kumbe hata ile dawa ya minyoo uliyosema tamu si tamu."

Ninyi mliokulia Ujiji miaka ile ya wakimbizi mtanielewa. Banda letu lilikuwa la magunia, jenereta nje inakohoa kama bibi, sisi chini kwenye mkeka na mihogo ya kukaanga mkononi. Mama alikuwa akisema, "Anayekimbilia video masufuria hayajaoshwa, atakula picha." Kwa hiyo masufuria tuliyaosha yakang'aa.

Mkalimani wetu alikuwa Baba Nestori, mkimbizi kutoka Burundi. Filamu ya karate kwake ilikuwa ugomvi wa mpaka wa shamba la mihogo. Ya Kihindi aliitafsiri robo, iliyobaki akalia nasi. Lakini kiboko ilikuwa ile ya vichekesho ya bendi ya vijana watano wenye mashati ya njano. Ilikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa alikijua. Kiswahili ndicho kilimsumbua. Vijana wamepoteza ngoma yao. Yeye akalipitisha neno kwenye Kirundi cha kwao, ambako ngoma ni ngoma na ni ufalme pia, likatufikia sisi likiwa ufalme.

Basi mpiga ngoma akawa mfalme. Anaingia duka la mikate, Baba Nestori anatuambia, "Anauliza, mama, hamjauona ufalme wangu hapa?" Muuzaji anafungua tanuri kuangalia. Tulicheka mpaka mihogo ikatutoka puani. Ngoma ilipopatikana kwenye banda la kuku, akina mama wa Kirundi walisimama wakapiga makofi kwa muda mrefu, na Baba Nestori akasahau kutafsiri.

Siku hizi mwenye banda la Mwanga anaweka filamu ileile, sauti ya kijana mkalimani imesharekodiwa: "Jamaa anatafuta dramu yake." Sahihi kabisa, na haichekeshi hata panya. Vijana waliojaa mle kila mmoja ameinamia simu, anacheka peke yake kwa kuandika "hahaha" na uso mkavu. Sisi tulikuwa na televisheni moja yenye chenga na cheko moja la mtaa mzima. Sasa picha zimetakata, na mtoto wangu, nikimwambia jiko ni la moto, anataka shahidi.

Jumatatu nikaenda ofisi ya mtaa. Mtendaji akauliza, "Dada, kosa la huyu bwana ni kutafsiri vizuri?" Nikamwambia, pokea barua, gonga muhuri. Kagonga.

YAH: MALALAMIKO JUU YA TAFSIRI SAHIHI

Mimi, mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Buzebazeba, namlalamikia mwenye banda la video kwa kumwondoa mfalme kwenye filamu bila kutushirikisha tuliomwona. Naomba aamriwe kumrudisha. Akishindwa, afike nyumbani kwangu akiwa amevaa kwa heshima, amweleze binti yangu kwamba mfalme alikuwepo na mama yake hasemi uongo. Suala la dawa ya minyoo asiliguse.