Mtetemo wa Jumamosi

Nikifungua boksi la vipuri hapa dukani kwangu Kamalondo, harufu ya grisi mpya kwenye karatasi ya mafuta hunirudisha kwenye kiti cha nyuma cha gari la Papa, goti langu likigusana na la Mama.

Lilikuwa gari zee la taksi, jeupe, lenye viti vilivyoshonwa na kushonwa tena. Mwaka Mama alipougua, lilianza kutetemeka. Papa alitaka kumtoa nje ya mji apate hewa, lakini Mama hakupenda kuhurumiwa.

"Mafuta ya kutembeza mugonjwa?" alisema. "Apana. Batoto bakule nini?"

Papa akaja na shauri lingine. "Mama Ngoie, gari inatetemeka. Mimi naendesha, siwezi kusikia ya nyuma. Weye mutoto wa reli, unisaidie."

Baba yake Mama alikuwa akigonga magurudumu ya treni kwa nyundo na kusikiliza kama yana ufa, na Mama alirithi sikio lile. Kama ni kazi, sawa. Alivaa kitenge chake kizuri, akaingia.

Basi kila Jumamosi tulishika njia ya Kinsevere, nje ya mji, polepole. Njiani Papa alinifundisha: ukisikia mtetemo kwenye usukani, tazama magurudumu ya mbele. Ukiusikia chini ya makalio, tafuta nyuma. Na mtetemo ukikoma pale mguu unapotoka kwenye pedali ya mafuta, shaka iko kwenye viungo vya kile chuma kirefu kinachopita chini ya gari kupeleka nguvu nyuma. Mama alifunga macho, dirisha wazi, vumbi jekundu likimkalia kwenye kope, kisha akatoa hukumu.

"Leo naona iko mbele, kushoto."

Jumamosi iliyofuata: "Ilihama. Sasa iko kuume. Hii kitu iko na miguu."

Wadogo zangu walicheka hadi wakakohoa vumbi. Mimi nilinuna, kwa sababu makalio yangu yaliniambia waziwazi.

"Papa, iko nyuma, kwenye viungo. Ukitoa muguu, inaacha."

"Nyamaza kwanza, Ngoie. Mama yako angali anasikiliza."

Siku moja, nikitafuta jeki, nilikuta chini ya gurudumu la akiba kiungo kipya, bado kimefungwa kwenye karatasi yake ya mafuta. Nilidhani Papa amekisahau.

Mama tulimzika mvua zilipoanza. Jumamosi moja baada ya matanga Papa aliingia chini ya gari, akakifunga kile kiungo kabla bukari, ugali wetu, haijaiva. Mchana tukashika njia ileile. Gari liliteleza kimya. Mdogo wetu wa mwisho aliweka kiganja sakafuni, akingoja.

Baadaye Papa naye alimfuata Mama kaburini. Niliacha shule, nikawalea wadogo, na vipuri ndivyo vilivyotulisha. Siku ya kwanza niliposhika kiungo kama kile ili nikiuze, ndipo nilipoelewa kwa nini Papa hakuwa na haraka ya kukifunga: gari likipona, Mama angebaki nyumbani.

Lakini la Mama nilichelewa zaidi kulielewa. Binti wa mgonga magurudumu, aliyejua treni ni ya mizigo au ya watu kabla sisi hatujasikia chochote, angekoseaje mbele na nyuma, Jumamosi baada ya Jumamosi?

Alisikia tangu siku ya kwanza. Akafunga macho, akasema iko mbele.