Kutoka Komarock Hadi Majengo, Kumtafuta Askari Mutua

Nilitoka nyumbani Jumatano kwa sababu fundi wa mawe alikuwa anangoja maneno. Shangazi yangu Ndunge, mtoto wa mwisho wa babu na wa pekee aliye hai, alikuwa ameamua kwamba kaburi la baba yake kule Kangundo limekaa na msalaba wa mbao vya kutosha. Jiwe lilishanunuliwa, jina la Mutua lilishachongwa. Chini ya jina ilibaki nafasi ya mstari mmoja, na Shangazi alitaka mstari huo useme baba yake alifanya nini katika vita vya Bama, ile Burma ya Vita Kuu ya Pili.

"Wewe ndiye msomi," aliniambia. "Tafuta. Fundi anataka jibu Jumatano jioni."

Jambo ambalo hakulisema, kwa kuwa ana adabu kunishinda, ni kwamba mimi ndiye sababu ya jibu kukosekana. Nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, na ndevu saba kidevuni na vitabu vitatu kichwani, nilimwuliza babu mezani siku ya Krismasi, mbele ya wageni: "Babu, uliua watu wangapi kwa niaba ya mkoloni?" Babu alinisogezea sahani. Kisha akasema, "Kula. Chakula kinapoa." Hakuvitaja vita tena nyumbani mpaka alipokufa. Mimi nilihesabu kwamba nimeshinda mjadala.

Saa mbili asubuhi, Komarock, Nairobi. Nilivaa koti, nikatia kwapani faili la utafiti wangu. Neno utafiti nalitumia kwa ukarimu. Nilikuwa nimekaa siku tatu kwenye nyaraka za serikali, nikawakuta akina Mutua wa kutosha kuunda kikosi, wa kwetu asiwemo. Kilichobaki ni picha moja: vijana wawili wenye sare na kaptura, na nyuma yake, kwa penseli, "Mutua na Rajabu, Majengo".

Jina la Rajabu tulilijua. Tulipokuwa tukikaa Kaloleni, kila Idi babu aliondoka alfajiri akisema anakwenda kwa Rajabu, na alirudi magharibi akinukia iliki na moshi. Nyanya hakuwahi kumwona Rajabu huyo. Alikuwa akisema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wake, kwamba bila shaka Rajabu anavaa leso.

Saa nne, Muthurwa. Huendi kuuliza mambo ya wazee mikono mitupu, kwa hiyo nilisimama sokoni kununua sukari na majani ya chai. Muuzaji alilitazama koti langu.

"Unaenda kuposa, mzee?"

"Naenda kuuliza habari za marehemu."

"Basi ongeza majani. Habari za marehemu huwa ndefu."

Niliongeza. Kutoka hapo nilikwenda kwa miguu, kwa sababu ya heshima kwa babu, aliyetembea kila mahali, na pia kwa sababu daktari amenishauri.

Saa tano kasoro, Majengo. Niliingia kwenye kichochoro cha kwanza nikitabasamu, na milango ikaanza kufungwa. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi karai hakuwa na mlango wa kufunga, hivyo akanielekezea kijiko chake kirefu.

"Kama umekuja na mambo ya kubomoa, rudi ulikotoka."

"Sijaja kubomoa, mama."

"Koti na faili hizo tunazijua. Wa mwisho alikuja hivyohivyo, akanichorea alama nyekundu ukutani."

Nilivua koti. Nikamwonyesha picha. Alipangusa mikono kwenye leso, akaisogeza karibu na macho, na uso wake ukalegea.

"Huyu wa kushoto ni Mzee Rajabu, Mungu amrehemu. Na huyu..." Alipaza sauti kuelekea ndani ya kichochoro. "Bi Mwanaisha! Kuna mtu hapa na picha ya Mpishi!"

"Huyo ni babu yangu," nilimsahihisha. "Alikuwa askari."

"Sawa, baba," alisema, kama mtu anayemkubalia mgonjwa.

Bi Mwanaisha, binti wa Rajabu, ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mwenye macho yasiyopepesa. Nilimwamkia, akaitikia, akapokea sukari, akanikalisha kwenye kigoda mlangoni. Aliitazama picha mara moja tu.

"Wewe ndiye yule wa chuo kikuu?"

Nilitamani kuwa na binamu wa kumsingizia. "Ndiye mimi."

"Alitusimulia. Idi iliyofuata."

"Alikuwa amekasirika?"

"Hapana. Alikoroga sufuria, akasema, 'Mjukuu wangu anadhani niliua watu. Mwacheni, afadhali hivyo.' Lakini siku hiyo hakula."

Ndipo akaanza kunieleza, na kwa kuwa hawezi kueleza mikono ikiwa imelala, akawasha moto, akaniwekea bakuli la vitunguu nimenye. Babu hakuwa mpiga risasi. Walipoandikishwa waliulizwa nani anajua kupika, na kijana Mutua, aliyekuwa na njaa ya siku mbili, akainua mkono akidhani mpishi hulala karibu na chakula. Alikuwa hajawahi kuchemsha hata maji. Pilau alifundishwa njiani na askari wa pwani. Bunduki alipewa, ila alilalamika kwamba inampiga mgongoni kila anapoinama kukoroga.

"Kwa nini hakutuambia?"

"Alisema kwenu mwanamume akionekana jikoni huchekwa hata na mbuzi." Alimwaga mchele. "Hapa alikuja kupika tu. Baba anachinja, yeye anapika. Kila Idi, mpaka miguu ilipomkatalia."

Mchele ulikuwa mwingi mno. Nilimwambia tuko wawili.

"Ndivyo alivyotufundisha. Nyumba yetu ilikuwa ya watu tisa, yeye akipika ya watu thelathini. Mama alimgombeza mpaka akachoka. Kichochoro kizima kilikula." Alipunguza kuni. "Baba ndiye aliyenieleza, baada ya Mpishi kufa. Kule Bama kulikuwa na mvua isiyokatika. Mutua alibeba chakula cha watu thelathini kupeleka mbele, kutwa nzima kwenye matope. Alipofika aliwakuta kumi na mmoja, baba yangu mmoja wao. Akasimama na masufuria yake, hajui afanye nini. Hakuna aliyetaka kula. Mwisho akaanza kupakua. Akawaambia, 'Kuleni. Chakula kinapoa.'"

Nilikuwa na kitunguu cha kachumbari mkononi, na nilishukuru kuwa nacho.

Saa tisa nilimuaga. Alinifungia pilau kwenye bakuli la plastiki, akalizungushia leso kuukuu. "Hii ya shangazi yako. Leso irudi," alisema. "Na wewe urudi nayo, usiitume."

Njiani kurudi nilikaa kwenye matatu na bakuli mapajani, faili nimelikalia. Kwa miaka mingi nimejipatia riziki kwa kuuliza maswali magazetini, na wasomaji wawili watatu wamewahi kunisifu kwa hilo. Ilibidi nifike Majengo nikiwa na mvi ndipo nijue kwamba nililomwuliza babu halikuwa swali. Ilikuwa hukumu. Kama ningemwuliza tu alikula nini huko, huenda angezungumza mpaka asubuhi.

Saa kumi na mbili, Komarock. Shangazi alikuwa sebuleni kwangu, simu kwenye magoti. Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye neno mpishi alicheka.

"Baba? Baba hakuwahi hata kujipakulia."

Nilifungua bakuli. Harufu ya iliki na moshi ilipompata, kicheko kilikatika. Aliishika ile leso, akaikunja, akaikunjua.

"Hii ndiyo harufu," alisema. "Mama alikufa akiamini kuna mwanamke."

Alikula taratibu. Simu ililia: fundi. Nilimwuliza Shangazi tuandike nini. Askari? Mpishi?

"Mwambie asiandike kitu. Nafasi aiache vilevile."

"Lakini jiwe linapelekwa Jumamosi."

"Basi Jumamosi tutamwambia mama kwanza. Kaburi lake liko palepale kando. Yeye ndiye aliyengoja zaidi." Alikwangua ukoko pembeni mwa bakuli, kisha akaketi akiutazama kijikoni. "Nina miaka sitini na minane. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kula chakula cha baba."

Nilimwambia fundi aache nafasi. Niliporudi, Shangazi alikuwa amenipakulia nusu iliyobaki.

"Kula," alisema. "Kinapoa."

Kilikuwa kimepoa tangu Muthurwa. Nilikula.