Tita Mila Haendi Nyumbani Moja kwa Moja

Juzi nilikuwa nimesimama kituo cha basi Hounslow, ndege zikitupitia juu ya vichwa chini chini kama kawaida yake, mara ikanijia harufu ya siki na kitunguu saumu vikichemka pamoja. Mlango wa mgahawa ulikuwa umefunguliwa, mtu akatoka, na harufu ikatoka naye. Basi langu likaja, likaondoka, mimi nimeganda pale pale na machozi yananitoka. Wenzangu, mtu mzima kulia kituoni ni aibu, lakini London ina uzuri wake mmoja: hakuna anayekuuliza una nini.

Harufu ile ni ya Tita Mila. Tita, kwa Wafilipino, ni kama kusema shangazi au mama mdogo, na mwanamke huyu hakuwa na undugu nami wa damu hata kidogo. Alitoka Iloilo, mji ambao kwa maneno yake watu wakimaliza kula wanakaa kujadili watakula nini tena. Alifanya kazi na Mama kwenye nyumba ya wazee. Waliwaogesha, wakawalisha, wakawageuza vitandani. Nyumba yake ilitazamana na yetu, barabara tu katikati. Watoto wake wawili alikuwa amewaacha kwa bibi yao, akiwalea kwa simu. Baba yangu naye alikuwa amesharudi Tanga na kuoa huko, na hayo tuyaache. Kwa hiyo Mama akiwa na shifti ya mchana, aliyenichukua shuleni ni Tita Mila.

Siku nyingi alinipeleka kwake, nikakaa sebuleni na biskuti mbele ya televisheni. Lakini zilikuwapo siku alizokuja getini amevaa sketi nyeusi na viatu vyeusi, na hizo ndizo zilikuwa siku zangu. Sketi nyeusi maana yake tunakwenda kula. Kwa akili yangu ya kitoto, ile ilikuwa nguo yake ya hotelini, kama vile Mama alivyokuwa na buibui la Idi.

Basi nikaijua migahawa ya Kifilipino ya London kabla sijaujua mnara wala daraja lolote la mji huu. Palikuwa na mmoja karibu na stesheni, vyakula vimepangwa kwenye sinia nyuma ya kioo, wewe kazi yako kunyoosha kidole tu. Mwingine ulikuwa mbali, tunapanda treni mpaka Earl's Court, tunapanda na ngazi, na huko watu wazima na heshima zao walishika maikrofoni mchana kweupe wakaimba nyimbo za mapenzi huku wengine wanatafuna. Palikuwa na duka la mikate lenye keki ya kiazi kikuu, zambarau mpaka ulimi unabadilika rangi.

Mama alikuwa ametoa masharti. Nguruwe hapana. Nyama na kuku wa huko pia hapana, maana hatujui wamechinjwaje. Samaki, kamba na mboga, ruhusa. Tita Mila, Mkatoliki wa kutupwa, aliyashika masharti yale kuliko mwanachuoni. Alimhoji muuzaji kila sinia, hiki kimepikwa kwa mafuta gani, kijiko hiki kimetoka wapi. Siku moja alirudisha bakuli zima la majani ya viazi, eti amesikia nguruwe kwa mbali. Mama alikuwa akisema Mila anaijua halali kuliko Waislamu kadhaa anaowafahamu yeye, na majina aliyataja.

Na nilikula, jamani. Palikuwa na supu ya kamba iliyokolezwa ukwaju, ule ule wa kwetu, inakukunja uso halafu unaitaka tena, na samaki wa kukaanga mkavu hadi mfupa. Ndizi walizisokota kwenye chapati nyembamba wakazikaanga na sukari, vidole vinanata mpaka jioni. Walikuwa pia na mkate wa mchele na nazi ambao Mama alipouonja alisema huu si wao, huu ni mkate wa kumimina, watu hawa wametuibia.

Mama ndiye aliyenieleza habari ya sketi. Nilimwuliza kwa nini Tita hanipeleki kula akiwa na nguo nyingine. Nilimwuliza kwa Kiingereza, ilikuwa tabia yangu, yeye Kiswahili mimi Kiingereza na tunaelewana. Alikuwa anakunja nguo kitandani.

"Anakuwa ametoka kuaga maiti," akasema. "Wale wazee wetu wakifa, Mila hakosi. Na kwao ukitoka kwa maiti huendi nyumbani moja kwa moja, marehemu atakufuata mpaka mlangoni. Unapita kwanza mahali penye watu, unakaa, unakula, unajikung'uta, akupotee. Sisi kwetu tunarudi msibani kula wali. Kila ndege huruka kwa ubawa wake."

Sikuhuzunika, nisiwadanganye. Nilikuwa na miaka tisa. Niliwaza kidogo, kisha nikamwuliza kama hapo kazini kwao kuna mzee mwingine mgonjwa. Mama alicheka mpaka akakaa kitandani ameshika tumbo. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba siku ile alilishika kwa kicheko na kwa maumivu pia.

Maana tumbo ndilo lililomchukua. Ugonjwa wenyewe kwetu hautajwi mbele ya watoto, unaitwa "tumbo" tu. Alianza kwa kuacha kula, akaenda hospitali akarudi, akaenda tena akalazwa. Mama Mkubwa, dada yake, alikuwa akija kutoka Ilford na chupa ya uji, London nzima anaikata kwa treni, na kila nikimwuliza alinijibu kwamba Mama anapumzika na atarudi. Watu wazima wote walinijibu hivyo hivyo. Nikaona heri niache kuuliza. Nikawa natazama sketi.

Ndiyo, sketi. Nilikuwa najua maana yake sasa. Kila saa ya kutoka shule ilipofika, kabla sijamtazama Tita usoni nilitazama kiunoni. Siku moja akaja na ile nyeusi. Nikashika vyuma vya geti kwa mikono miwili nikakataa kuondoka, wazazi wa watu wananitazama. Tita akachuchumaa chini na viatu vyake vizuri, akaniambia ni yule babu wa kazini aliyekuwa akipiga mluzi, si mwingine. Nikamwambia aape. Akaapa. Tulikwenda kula, nikameza samaki kama mtu anayemeza dawa.

Kwa hiyo siku yenyewe ilipofika, sikushtuka. Alikuja na yunifomu ya kazini, shati la buluu na suruali, koti lake la kawaida juu. Hapakuwa na sketi nyeusi. Moyo wangu ukatua. Na aliposema tupite kula kwanza, nilifurahi kupita kiasi. Niliona mambo yamebadilika, kwamba siku hizi mtu anaweza kula hotelini bila mtu mwingine kufa.

Tulikwenda ule wa karibu na stesheni. Nilinyoosha kidole kila mahali na hakunikataza. Alimwuliza muuzaji juu ya nguruwe, hata siku hiyo aliuliza, ila sauti yake haikuwa na nguvu na muuzaji alimwomba arudie. Tukakaa mezani. Simu yake ikaita, akailaza kifudifudi. Ikaita tena, akaiacha. Yeye hakuwa na sahani. Alichukua samaki wangu akawa anamtoa miba, mmoja mmoja, kazi aliyokuwa ameshaacha kunifanyia tangu nilipokuwa mdogo. Aliniambia nimsimulie habari za shule, nikamsimulia, ndefu, na yeye akisikia naelekea mwisho ananiuliza swali lingine.

Halafu nikamwambia kwamba Mama akirudi nitamleta hapa, meza hii hii. Chakula chenye harufu kali kinamchefua, nilijua, lakini supu ya ukwaju ataiweza, kwanza ni kama ya kwetu. Nikaenda mwenyewe kwenye kaunta nikamwomba muuzaji atufungie moja ya kumpelekea hospitali. Tita alifungua pochi. Alilipa.

Nje palikuwa na benchi. Alinikalisha, akanifuta vidole kwa kitambaa cha maji, kila kidole. Supu ilikuwa mapajani mwangu, ya moto kupita kwenye mfuko.

"Zuhura," akasema. "Mama yako amefariki leo mchana. Nilikuwa nimemshika mkono."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilihofia supu isimwagike.

Nyumbani ngazi zilikuwa zimejaa viatu. Hospitali ilikuwa imempigia simu Mama Mkubwa, naye alikuwa amempigia Tita anichukue shuleni anilete haraka, watu wanangoja. Kumbe ndiye aliyekuwa akipiga simu muda wote ule. Alinikumbatia hadi pumzi zikanibana, akanipokea ule mfuko, akaufungua. Alipoona ni nini, alimgeukia Tita mbele ya wanawake wote.

"Mtoto mama yake amekufa, we unamzungusha mahotelini? Mikosi yako nenda kajikung'utie kwenu, usimkung'utie mtoto wetu."

Tita Mila aliinamisha kichwa. Kiswahili alikuwa anakijua cha kazini tu, lakini yale aliyaelewa yote. Alitoka kinyumenyume, akavaa viatu vyake kwenye ngazi. Supu sikuiona tena.

Mama Mkubwa alinichukua Ilford akanilea, na simsemi vibaya. Alinilea kama wa tumbo lake, alinifundisha kupika kila ninachojua, akanisomesha. Ila kila kisa kile kilipotajwa, alisema mwacha mila ni mtumwa, sawa, lakini mwanamke yule alikuwa na mauti mgongoni akamfanya mtoto mdogo kuwa mahali pa kuyatulia. Nikakua nikiamini hivyo. Nilimchukia Tita Mila, tena kwa miaka. Nasikia alirudi Iloilo kwa wanawe wakiwa wameshaota ndevu.

Sasa nina binti wa umri ule ule. Hajibu Kiswahili hata umpe hela, na miba ya samaki haioni kabisa. Usiku ule niliporudi kutoka kituo cha basi nilimtazama akila, nikajiuliza: ningekuwa mimi, nimetoka kumshika mkono mama yake, mtoto huyu yuko getini ananiangalia sketi, ningemwambia saa ngapi? Na nikaona wazi. Ningemwacha amalize kula. Ningemwuliza habari za shule. Ningeacha simu iite. Nyumbani watu walikuwa wananingoja niwe yatima, na Tita alijua kwamba nikishaingia mlango ule sitatoka tena kuwa nilivyokuwa. Alininyofolea chakula kimoja cha mwisho nikiwa mtoto mwenye mama, akakaa mbele yangu peke yake na habari ile, anatoa miba. Matusi ya Mama Mkubwa aliyajua yanamngoja, akaona bora.

Na kama ni kujikung'uta, hebu niwaambie nilichokiona. Siku ya mazishi, maiti ilipokwisha kuoshwa, sisi wanawake tuliingizwa msikitini kumuaga Mama kabla ya wanaume kumchukua. Tita Mila alikuja, ushungi umemkaa upande, akasimama nyuma hadi zamu yake ikafika, akamtazama usoni muda mrefu kuliko hata dada yake. Tulirudi Hounslow gari moja, maana kwenye msiba watu hawanuniani. Gari liliposimama alishuka, na mimi nikageuka kumwangalia. Duka la kona lilikuwa wazi. Stesheni haikuwa mbali. Nikangoja apite kokote kwanza, hata kununua maziwa.

Hakupita. Alivuka barabara, akafungua mlango wake, akaingia, akaushikilia wazi kidogo, kisha akaufunga. Wakati ule nilidhani majonzi yamemsahaulisha mila yake. Leo sidhani. Alijua kabisa nani atamfuata, na alitaka afuatwe.