Picha ya Kiuno Changu

Aliyenipiga ni askari mwenye kovu shavuni, mmoja wa wale waliotoka kusini serikali ya watu wetu ilipoanguka. Alinikuta uani kwetu, Koboko, akauliza baba yangu iko wapi. Baba alikuwa askari wa serikali hiyo iliyoanguka, hilo kila mutu alilijua. Nikasema sijui. Akanigonga kiuno kwa kitako cha bunduki. Nilipoanguka akanigonga tena pale pale, kama anatwanga muhogo. Huyo ni mmoja wa walioniharibu. Mwingine ni baba yangu mdogo, na huyo sijamsamehe mpaka leo.

Ni yeye aliyenipeleka Arua, juu ya lori la tumbaku. Hospitalini nikapigwa eksirei. Daktari akaiinua ile picha dirishani, akatuonyesha ufa kwenye mfupa wa kiuno, kama ufa wa chungu. Miguu yangu bado ilikuwa inasikia. Alinichoma sindano kwenye kidole cha mguu, nikapiga kelele.

"Alale juu ya ubao," akamwambia baba mdogo. "Mtu asimvute, asimkanyage. Akivutwa, miguu inakufa."

Wakati wa kurudi, kabla ya kufika kwenye kizuizi cha askari, baba mdogo akaichana picha akaitupa majanini. Hapo simlaumu. Ukikutwa na picha ya mfupa uliovunjika, askari walisema wewe ni mpiganaji, wanakumaliza hapo hapo kando ya barabara.

Lakini nyumbani watu walikuwa wanafunga mizigo kukimbilia Zaire, na mimi nimelala kama gogo. Baba mdogo akamwita fundi wa mifupa kutoka Lurujo. Mzee yule aliogopa mgongo uliovunjika, maana kwetu mgonjwa akiharibika mikononi mwa fundi, fundi anatoa ng'ombe wa fidia. Akauliza kwanza, "Picha ilisema nini?"

"Ilisema mfupa imeteleza tu," baba mdogo akasema. "Hakuna kuvunjika. Rudisha."

"Mzee, anadanganya," nikasema. "Daktari amekataza. Usiniguse."

Mzee akacheka. "Wote wanasema hivyo. Mwanamke mmoja wa Adumi alinitukana mpaka mama yangu. Sasa iko analima."

"Mtoto wa askari," baba mdogo akasema, "analia kabla ya kuguswa."

Akanikalia mabegani. Mzee akanipaka mafuta ya moto, akashika vifundo vya miguu, akavuta. Halafu akaweka kisigino kiunoni, akakandamiza kwa uzito wake wote. Kitu kikalia ndani yangu kama muwa unavunjwa. Nikatapika. Nikangoja maumivu ya miguuni. Hayakuja.

"Sasa simama, mwanangu," mzee akasema.

Siku ya kukimbia, baba mdogo alinifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli, akasukuma, mama akifuata na mzigo kichwani. Njiani mama akapiga yowe. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeingia kwenye spoki, nyama imechanika mpaka mfupa unaonekana. Na mimi nilikuwa namwuliza nani ameumia.