Siku Baba Alipompeleka Kaka Kituoni

Wajukuu wangu wakibishana kama jela zifungwe zote au ziachwe, mimi husikiliza kwanza. Wanadhani sina la kusema. Ninalo, na linanichoma mpaka leo.

Kibra ya utoto wangu, pembeni mwa Nairobi, ilikuwa msitu na mashamba, nyumba za udongo zilizoachana mbali, na wazee wetu wa Kinubi waliopewa mahali pa kukaa kwa kumpigania Mwingereza. Baba alikuwa mmoja wao. Jeshi alishaliacha, lakini nyumbani alibaki koplo vilevile. Viatu vyake viling'aa kuliko masufuria ya mama, na sisi watoto tulikula kwa amri.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyechunga ng'ombe. Siku moja aliwaacha wakaingia kwenye mahindi ya mzee mmoja wa Kawangware. Mtoto wa mzee yule alipokuja kuwafukuza, wakapigana, na kaka akamvunja mkono kwa rungu. Kosa lilikuwa lake, simtetei.

Asubuhi iliyofuata mzee yule alikuja kwetu peke yake, koti begani. Mama alimpa kiti na chai. Hakumtukana mtu. Alisema polepole, jinsi watu wa kwao walivyozoea kumaliza ugomvi:

"Palizi imefika na kijana wangu hawezi kushika jembe. Huyu wako aje ashike, mpaka mkono upone. Akiwa kwangu atakula kwangu."

Mama alianza kuitikia kwa kichwa kabla mzee hajamaliza. Baba akasimama wima, akasema mwanawe si kibarua wa mtu. Amevunja sheria, na sheria itamnyoosha.

Hilo ni kosa ambalo askari mzee tu ndiye angelifanya. Jela aliyoijua baba ilikuwa mahabusu ya kambini: mtu ananyolewa, anabeba mawe siku chache, kisha anarudishiwa bunduki yake na wenzake wanamcheka. Alidhani anampeleka kaka huko. Alivaa medali zake, wakatembea hadi kituoni, baba mbele, kaka nyuma, na tuliambiwa baadaye kwamba baba alimpigia saluti inspekta wa Kizungu. Mama alibaki mlangoni, mikono imejaa unga. Alinikataza kwenda mtoni siku ile, kana kwamba na mimi ningechukuliwa.

Hakimu alimpa kaka miaka miwili na kazi ngumu. Baba alirudi akavua medali, akasema wamekosea tu, watamwachia mapema. Hawakumwachia. Kule Kawangware mzee alipalilia peke yake. Mkono wa mwanawe ulipona, umepinda kidogo, akarudi shambani, na kaka bado alikuwa ndani. Nani alifaidika? Ndilo swali ninalowauliza wajukuu.

Tulianza kuogopa kurudi kwake. Waliofungwa kabla yake walikuwa wakipita njiani bila salamu, na mama aliwatazama mpaka wakapotea. Akaacha kumtaja kaka wakati wa kula.

Alirudi mchana mmoja wa jua kali. Mama alikuwa amepika, majirani wamekaa uani. Kaka aliingia amekonda, kichwa kimenyolewa. Baba, kwa furaha, akamwita jina lake kwa sauti ile ya gwaride aliyotuitia sote. Kaka akachuchumaa palepale, mikono kichwani, macho chini. Jirani mmoja alicheka akidhani ni mzaha, kisha akakatiza kicheko.

"Inuka, mwanangu," baba akasema, taratibu sasa.

Kaka aliinuka haraka, akabana mikono ubavuni. "Ndiyo, afande."

Tulingoja hali ile imtoke. Baba aliishi miaka mingi baada ya siku ile, hakupaza sauti tena, na niliwahi kumsikia akimbembeleza kaka kwa machozi amwite baba. Kaka alimwita afande mpaka tukamzika baba. Watu walipotawanyika makaburini, kaka alibaki amesimama wima, akingoja kuambiwa aondoke.