Mchungaji wa Ndani ya Televisheni

Kiangazi kilichopita nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja karibu na gare, kituo cha treni cha Kamina. Mezani pake alikuwa amechomeka transfo kuukuu, lile sanduku la chuma la kupunguza nguvu ya umeme, nalo lilikuwa limeshapata moto. Harufu yake ikanipanda puani: vumbi linaloungua, plastiki ya joto, na kitu kama sukari iliyoshika sufuria. Fundi akaniuliza simu ina tatizo gani. Nimesimama kwenye jua la saa nane, mama mzima mwenye watoto watatu, machozi yananitoka, na yule bwana wa watu akadhani nalilia simu. "Usilie, mama," akaniambia. "Itapona."

Harufu ile ilikuwa ya sebule ya kina Mireille.

Papa yangu alikuwa mchungaji wa Kimethodisti. Nilipokuwa na miaka tisa alipewa kanisa dogo la matofali kule Base, kambi ya jeshi iliyo nje ya mji wetu. Waumini wake wengi walikuwa wake wa askari kutoka kila pembe ya Kongo. Wimbo ulianza kwa Kiswahili, ukapita kwenye Kilingala, ukamalizikia kwenye Kiluba, na papa alikuwa akisema Mungu atachambua mwenyewe. Mimi nilizoea nyumba ya kimya, ya vitabu na chai isiyo na sukari. Jirani zetu wa upande wa pili wa ua walikuwa na kelele, vicheko, mafuta ya mawese yanayonukia tangu asubuhi, na walikuwa na televisheni.

Mireille alikuwa na umri wangu. Papa yake alikuwa ajida, cheo cha jeshini, mtu wa jimbo la Équateur, mrefu kiasi cha kuinama kwenye kila mlango, na Kiswahili chake kilikuwa kibovu mpaka sisi watoto tulimsahihisha. Sote tulimwita Papa Mireille. Alikuwa amerudi kutoka Kinshasa na mashine ya michezo ndani ya sanduku lake la kijeshi, imefungwa kwa blanketi, pamoja na transfo yake, maneti mbili, vile vishikio vya kuchezea, na kaseti moja tu. Ilipogoma, tulichomoa kaseti, tukaipulizia kwa chini kama watu wanaowasha moto, tukairudisha. Saa nyingine ilitaka kupuliziwa mara kumi.

Kaseti ile moja ilitutosha mwaka mzima. Ilikuwa na nchi nzima ndani yake: misitu ya miraba ya kijani, milima, vijiji vya nyumba nne, mapango yenye masanduku ya hazina, na joka lililomteka malkia upande wa mwisho kabisa wa bahari. Wasafiri wanne walitembea mmoja nyuma ya mwingine kama mchwa. Maneno yote yalikuwa Kifaransa, na nawaambia kweli, Kifaransa changu cha kwanza sikukipata shuleni. Nilikipata kwa wauza ngao na wachawi.

Wasafiri ulipaswa kuwapa majina mwenyewe, na mashine haikukubali zaidi ya herufi nne. Kwa hiyo Mireille alikuwa MIRE, mwenye upanga. Mimi, Ngoie, nilikuwa NGOI, mwenye fimbo ya moto. Wa nyuma kabisa, anayebeba dawa, alikuwa MAMA. Na mbele ya wote, na ngao yake kubwa, alitembea PAPA.

PAPA alikufa mara nyingi sana. Papa Mireille mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Akirudi kazini alikaa sakafuni kati yetu na mabuti yake miguuni, akachukua maneti, na kila adui alipojitokeza alichagua kusimama mbele na kupigwa kwa niaba yetu. "Minyi njo mukubwa," alisema. "Banipige minyi." Yaani yeye ndiye mkubwa, wampige yeye. Msafiri akifa aligeuka jeneza dogo jeusi lililofuata nyuma ya wenzake, likiteleza juu ya majani, likipanda milima, likivuka madaraja. Halafu Papa Mireille alijipiga makofi magotini na kucheka: "Nimekufa tena! Munipeleke kwa pasta!"

Kwa maana katika kila kijiji cha nchi ile kulikuwa na kanisa, na ndani ya kanisa mchungaji mwenye kanzu nyeupe. Tulimwonyesha jeneza. Aliinua mikono, skrini ikawaka nyeupe, kinanda kikapiga noti tano, na maneno yakatokea: *Lève-toi, ta route n'est pas finie.* Simama, safari yako haijaisha. Na PAPA alisimama, na ngao yake.

Siku moja papa yangu alikuja kumtafuta Mama Mireille kwa mambo ya kwaya, akatukuta pale pale. Alitazama, mikono nyuma, miwani ikishuka puani.

"Pasta," Papa Mireille akamtania, "uyu mwenzako iko na nguvu kukupita. Weye unahubiri saa mbili, yeye maneno sita, muntu anafufuka!"

Papa akasukuma miwani juu. "Ndiyo," akasema, "lakini kanisa yake haina hata kwaya."

Wakacheka wote wawili mpaka Mama Mireille akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa wa mwisho kucheka. Nilikuwa natazama papa yangu, na yule mwenye kanzu nyeupe, na kichwani mwangu walikuwa wameshakuwa mtu mmoja.

Mvua zilipoanza, kikosi cha Papa Mireille kiliitwa mashariki, kwenye vita. Aliondoka asubuhi na ndege kutoka uwanja wa Base. Alituinamia, mimi na Mireille, akanong'ona kama anatupa siri ya jeshi: "Musimalize joka mbele minyi nirudie." Hatukulimaliza bila yeye. Tuliacha wasafiri wetu kwenye kijiji cha mwisho, tukawa tunazunguka tu msituni na kurudi.

Habari ilifika Alhamisi, baada ya shule. Tulikuwa uani tunachambua sombe, majani ya muhogo. Askari wawili waliingia kwa mlango wa mbele, na kisha tukasikia sauti ya Mama Mireille, "Mobali na ngai! Mobali na ngai!", mume wangu, mume wangu, na kitu kizito kikaanguka sakafuni. Ilikuwa ni yeye.

Mireille hakulia. Wanawake walijaa nyumba, wakatandika mikeka, wakamvuta kichwa mapajani mwao, naye alinyoosha shingo akitafuta mlango. Jioni alinifuata nyuma ya nyumba yetu, nilipokuwa napepea mkaa kwenye mbabula.

"Ngoie. Banasema bataleta sanduku na ndege."

"Nilisikia."

"Sasa, kama sanduku inafika, papa yako atamuombea? Vile ya mu jeu ya televisheni?"

Nataka mnielewe. Sikumcheka, wala sikutaka kumdanganya. Nilikuwa nimemwona papa akiwawekea wagonjwa mikono na wengine wakapona. Nilikuwa nimemsikia akisoma kila mwaka juu ya mtu aliyetoka kaburini na sanda zake. Niliona ni jambo dogo, ni suala la jeneza kufika tu.

"Ataomba," nikasema. "Na papa yako atasimama."

"Apa."

Katika watoto wa Kamina neno hilo ni kiapo. Nikapitisha kidole shingoni, nikakielekeza juu. "Naapa."

Jeneza lilifika Jumamosi, limepigwa misumari, na bendera juu. Walilipeleka moja kwa moja kanisani lilale pale. Siku iliyofuata, kanisa lilijaa hadi nje ya madirisha. Mireille alikaa mbele, amevaa gauni la bluu la sikukuu. Mavazi yale yaliwashangaza watu, kwa kuwa mama yake na shangazi walikuwa wamevaa nyeusi. Mimi peke yangu nilijua ni la kumpokelea baba.

Papa alihubiri. Wanakwaya waliimba. Mkuu wa kikosi alisema maneno yake. Halafu askari sita wakasogea kushika jeneza, na hapo Mireille akasimama, akaenda hadi mbele ya papa yangu.

"Pasta," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtoto anayekumbusha, "haujasema ile maneno."

Papa akavua miwani, akashuka ngazi za madhabahu, akakaa sakafuni mbele yake, na kanzu yake, ili nyuso zao ziwe sawa.

"Ile maneno siko nayo, mwana wangu."

"Uko nayo. Ngoie alisema."

Watu wote wakageuka. Naona mpaka leo macho yale, ya mama wa kwaya, ya askari, ya mama yangu. Mireille naye akageuka. Alinitazama bila hasira. Alikuwa ananingoja nimsaidie.

"Sikusema," nikasema. "Minyi sikusema kitu."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia wakati wa habari, wala jeneza liliposhuka kwenye ndege. Alilia hapo, na papa yangu akambeba kama mtoto mchanga, miguu yake mirefu ikining'inia, akatembea naye nyuma ya jeneza mpaka makaburini.

Mireille hakuzungumza nami tena. Nilikwenda kwao mara tatu. Mara ya kwanza walisema amelala, mara ya pili amelala, mara ya tatu nyumba ilikuwa wazi na askari mwingine anaingiza vitanda vyake. Mjane na watoto wake walikuwa wamepanda treni asubuhi ile. Papa hakunigombeza hata siku moja. Afadhali angenigombeza. Badala yake nilimkasirikia yeye. Kwa miaka mingi, nisikilizeni, kwa miaka mingi nilibeba moyoni kwamba yule mchungaji wa ndani ya televisheni angalau aliinua mikono, na wangu hakujaribu hata kidogo.

Kitu kimoja nilikiona bila kukielewa. Tangu siku ile, kila mazishi, kabla ya ibada, papa aliwatafuta kwanza watoto wa marehemu. Aliwachukua pembeni, akakaa chini nao, akawaambia wazi kwamba mzazi wao hatarudi na kwamba yeye hawezi kumrudisha. Watu walinung'unika, wakasema mchungaji gani anayeanza na hayo. Hakuacha.

Alipokuwa mzee na mgonjwa, tunaishi Kamina mjini, nilikuwa nikimkata kucha mchana mmoja barazani. Sijui nilipata wapi nguvu.

"Papa, siku ile ya Mireille nilidanganya. Minyi njo nilimwambia."

"Najua."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Mama yako alibasikia pale ku mbabula. Nilipashwa kubaita ninyi babili, kubaelezea mbele. Sikufanya. Hapo nilikosea." Alitazama kidole nilichokuwa nimekishika. "Unajua juu ya nini sikubaita? Minyi pia nilikuwa nangojea."

Niliacha kucha.

"Asubuhi ile, mbele ya bantu kufika, nilifunga mulango ya kanisa. Nikatia mikono juu ya sanduku. Nikamwita kwa jina yake. Nikaita, nikaita. Nikasema, A Vidye, Mungu wangu, kama haiko juu yangu, fanya juu ya bale batoto."

"Na kiisha?"

"Kiisha bantu bakaanza kufika."

Akaninyooshea mkono mwingine, nami nikaendelea, kwa shida, maana sikuwa naona vizuri.

Tulimzika mwaka uliofuata. Mireille nimemtafuta kwa kila mtu anayetoka Équateur, kanisani, sokoni, kwenye simu, na sijui kama yu hai. Atakuwa mama wa watu kama mimi. Ningemwona, singemwomba anisamehe kwanza. Ningemwambia mbele ya watu kwamba nilisema, kweli nilisema, na nilisema kwa sababu niliamini. Halafu ningemwambia kwamba papa yangu alimwita papa yake kwa jina lake, peke yake, asubuhi, mlango umefungwa, hadi sauti ikamkauka.