Mji Ulioonekana Dirishani

Mtaani walimwita Kiguu na Njia, ingawa fundi cherehani huyu hakuwahi kusafiri mbali. Hakujua kukaa, basi. Akishona, mguu mmoja uko kwenye pedali, mwingine umeshaelekea mlangoni, jicho barabarani kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni. Kwa hiyo mdogo huyo alipolazwa ghafla, mimba ikiwa ya miezi saba, shemeji alipiga simu kutoka mji wa pili.

"Dada, panda ndege. Kwa barabara ni kilomita mia sita, angani ni dakika hamsini tu. Anakutaka wewe. Mimi amenichoka."

Akaliacha gauni la bibi harusi likiwa na mkono mmoja, akaondoka.

Ndani ya ndege alikalia ncha ya kiti. Jirani yake, muuza spea aliyezoea safari hiyo, alimcheka kwa upole. "Mama, tulia. Kabla hujamaliza juisi tumefika."

Na kweli walifika. Mabati yakang'aa chini, akaona uwanja wa mpira na lori likipanda kilima. Kisha mji ukafunikwa na wingu jeusi. Ndege ikazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mbona hatushuki?"

"Upepo," muuza spea alisema. Safari hii hakucheka.

Rubani akatangaza kwamba wanarudi walikotoka. Fundi akasimama wima.

"Mdogo wangu yuko hapo chini! Nimeuona mji kwa macho yangu!"

"Mimi pia kwetu ni hapo, dada," mhudumu alimwambia, akimshika bega. "Kaa, nikufunge mkanda."

Walipotua, ndege nyingine ilikuwa ya kesho. Shemeji hapokei simu. Akatoka mbio hadi kituo cha basi, akapata kiti cha nyuma. Kila basi liliposimama aliinuka kuchungulia mbele, hata utingo akamwambia, "Mama, hata ukisimama, hatuwahi."

Asubuhi aliingia wodini na viatu vyenye tope. Mdogo wake alikuwa ameshapasuliwa.

"Ulikuwa wapi, dada?" aliuliza kwa sauti ndogo ya lawama.

"Jana alasiri nilikuwa juu ya paa lako. Wakanirudisha."

Mgonjwa akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko, mkono tumboni. "Usinichekeshe, mshono utafumuka!"

"Kakushona nani? Hebu nione kazi yake."

Wakacheka mpaka wakalia. Mtoto, wa kike, alikuwa chumba cha pili, hajatimiza kilo mbili. Muuguzi alisema anahitaji joto la kifua cha mtu, na mama yake ana homa.

"Nani atakaa naye? Lakini akae kweli, asitikisike."

"Mimi ni mama yake mkubwa," fundi akajibu, akifungua vifungo vya blauzi.

Kitoto kililazwa kifuani pake, chepesi kama kitambaa. Mguu ulimwasha, mgongo ukamuuma, mlango ukafunguliwa na kufungwa. Alikaa hivyo hadi adhuhuri, na kesho yake tena, akihesabu pumzi za mtoto na kuogopa kila iliyochelewa.

Baada ya wiki kadhaa waliruhusiwa kwenda nyumbani, wote watatu: mama, mtoto na fundi.